Mawe

Mwaka ule nilikuwa na miaka minane
na shida yangu kubwa ilikuwa jino.
Linacheza, halitoki.
Baba, karani wa stesheni, akalifunga uzi wa kushonea magunia,
akanipigia hadithi ya fisi aliyepanda treni bila tiketi,
na nilipocheka
akavuta.

Nyumba yetu pale Mwanga ilinuka mawese.
Usiku, juu ya milima ya ng'ambo,
mbingu iliwaka na kuzima, na mvua haikuja.
Nilihesabu kama nilivyofundishwa,
moja, mbili, tatu, mpaka ngurumo ifike.
Kuna usiku nilipita sitini, usingizi ukanichukua.
"Radi," alisema baba, akifunga dirisha.
Alisema bila kunitazama.

Kisha maboti yakaanza kushusha watu Kibirizi:
godoro lililolowa, cherehani isiyo na gurudumu,
bibi mmoja ameshika ufunguo.
Wakalazwa madarasani mwetu.
Na sisi tulishangilia. Likizo katikati ya muhula!
Naliandika hili kusudi. Tulishangilia.

Nilikuwa nacheza mdako nyuma ya darasa la tatu,
kokoto saba za Katonga, laini kama maharage.
Akaja mvulana, kimo changu,
shati la mtu mzima limemfika magotini.
Akasema, "Mawe."
Nikampa moja.
"Mawe."
Nikampa la pili, lile jeupe, kwa uchungu.
"Mawe, mawe we," na sasa alikuwa analia,
nami nikaona, huyu ana choyo.
Nikamwachia zote
nikakimbia nyumbani kushtaki.

Mama Buchumi, Muha wa Kasulu, alikuwa uani kwetu anapeta mchele.
Ungo ukasimama.
"Kwao mawe ni mama," alisema.
"Mtoto alikuwa anamwita mama yake."
Kisha akaendelea kupeta, polepole,
kama mtu anayeogopa kuamsha mtu.

Nilirudi. Nilibeba muhogo wa kuchemsha,
umefungwa kwenye karatasi ya daftari, wa moto bado.
Malori yalikuwa yamekwisha kuondoka.
Vumbi lilikuwa halijatua.
Kwenye kishimo changu cha mdako
kokoto zimepangwa duara, sita.
Lile jeupe hakuliacha.

Muhogo niliula mwenyewe njiani.
Nilikuwa na njaa.

Leo nafundisha Kiswahili, sekondari moja ya Tabora,
mwendo wa usiku mmoja kwa reli kutoka kwenye kishimo kile.
Kila Machi tunafika kwenye ngeli ya LI-YA.
Naandika ubaoni: jicho. Wanaitikia: macho!
Jino. Meno!
Jiwe,

na kabla hawajajibu, darasa zima, kwa sauti moja,
mimi huwageukia ubao,
nikajifanya natafuta chaki.