Yatokanayo

Ajenda ya nne: chakula cha mchana.
Wajumbe tisa, soda tisa, feni moja
inayozunguka kama mtu aliyesahau alichofuata.
Mimi ndiye mkuu wa shule, kwa hiyo ndiye katibu.
Kalamu ni yangu, muhuri ni wangu,
na njaa ya Kidato cha Pili B
hunifikia tangu saa tano, kupitia ukutani.

Mwenyekiti, Bwana Singano, husema polepole
kama bado anahesabu mifuko ya saruji pale Pongwe:
asiyeleta debe la mahindi, mwanawe asile.
Sheria ni msumeno.
Meno ya nyuma hatukuyajadili.
Vichwa vikaitika. Nikaandika: “Iliazimiwa.”
Neno zuri. Halina mikono.

Tulikuwa tumemwita dada mkuu, Tunu Semkiwa,
aketi karibu na mlango, asikie, asichangie.
Akanyoosha kidole kama yuko darasani.
“Samahani. Siku hiyo, mlangoni mwa jiko,
nani atasimama na orodha?”

Feni.
Mratibu wa elimu kata akaitazama simu yake.
Viranja, akasema mmoja wetu, ndiyo kazi yao.
“Tutasimama,” akajibu Tunu. “Ila majina ni sitini na moja,
na la kumi na saba ni langu.”

Hilo halimo kwenye muhtasari.
Nimelitafuta: ukurasa wa pili, pale lilipotakiwa kuwa,
pana “wajumbe walijadili kwa kina”.

Jumatatu nikasimama mwenyewe.
Saa saba na dakika kumi, vumbi la kiwandani
limeutia mvi mlimau wa uani.
Mama Chausiku kashika upawa hewani,
ananingoja kama anayengoja chenji.
Mstari unanijia, sahani zikigongana;
wa kwanza katoka Kiomoni, viatu mkononi.
Simuulizi jina. Nalijua.
Ndiyo shida ya kuwafundisha watoto hesabu miaka miwili.

Tunu alikuja wa mwisho, kengele imeshalia,
akala amesimama, mgongo kwangu.

Orodha nimeikunja mara nne
nikaisukuma chini ya mguu wa meza ya jiko,
ile inayoyumba tangu Januari.
Inayumba bado, kidogo.

Ghalani yamebaki magunia manne.
Kikao ni Alhamisi.
Kwenye yatokanayo niliandika “utekelezaji unaendelea”,
nikafuta.
Nikaandika “katibu ameshindwa”.
Muhuri bado sijapiga.