Bei ya Kunyamaza

Barua imekuja Jumanne na mvua ya Worcester mgongoni,
bahasha imelowa pembe moja.
"Mpendwa Mteja," inaniita,
miaka tisa na bado haijajifunza jina langu.

Mwaka jana pauni mia nne na kumi na mbili.
Mwaka huu mia sita themanini na tisa.
Sababu haikuandikwa. Kuna picha ya familia
inacheka kwenye kochi lisilo na doa.
Nisipofanya lolote, wanasema, nisijisumbue:
Ijumaa saa sita za usiku watazichukua wenyewe.

Idarusi anatafuna mkate wa kuchoma, hainui uso.
"Hama," anasema. "Bima si ndoa."
Kisha wifi yangu Shemsa, kwa simu kutoka Leicester:
"Zimwi likujualo halikuli likakwisha."
Kweli, halimalizi.
Linamega. Kila Novemba linamega.

Nimefungua kompyuta juu ya meza ya jikoni,
kati ya bakuli la maharage yaliyorowekwa
na viatu vya shule vya Nadhifa.
Makampuni yamejipanga kama wauza mitumba,
kila mmoja ananivuta mkono.
Hii hapa: mia tatu tisini na nane!
Kichwani mwangu nimeshamnunulia Nadhifa koti.
Maswali yanakuja, nayajibu mbio mbio:
paa ni la nini, kufuli ni la aina gani,
kuna anayevuta sigara, kuna mbwa.
Halafu hili, dogo, katikati ya mengine:
Je, nyumba imewahi kuingiwa na maji?

Kidole kimesimama.

Februari ile Severn haukubisha hodi.
Ulipita bustani ya Maureen, ukapenya chini ya mlango,
ukapanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu,
ukakaa hapo siku mbili
kama mtu anayefikiri.
Zulia, friji, daftari la mapishi la mama,
wino wote ukawa chai.
Kampuni hii hii, yenye barua hii hii,
ilimtuma mwanamke aitwaye Bronwen na kipimo cha unyevu.
Sakafu ilikuwa tope tupu,
naye akavua viatu mlangoni.
Akasikiliza kuta zetu kama daktari asikilizavyo kifua,
akaandika, na wiki ya sita pesa zikaja.

Kwa hiyo nimejibu: Ndiyo.
Kiduara kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka,
kikatema: mia sita hamsini na tano.
Na maji yakirudi, elfu mbili na mia tano za kwanza ni juu yangu.
Ukweli, basi, una bei:
pauni mia mbili hamsini na saba kwa mwaka.

Alhamisi nimempigia simu zimwi wangu.
Dakika arobaini za muziki wa kinanda,
maharage yakachemka, yakaiva, nikayatia nazi.
Akapokea kijana, Callum, mwenye mafua.
Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nimeanza tu,
"Nafikiria kuhama—"
akanikata: "Naweza kukupunguzia tisini na nne."
Hivyo tu. Kama chenji iliyokuwa mfukoni mwake muda wote.
Nikauliza kama Bronwen bado yupo.
"Nani?"

Miaka tisa, nimehesabu baadaye nyuma ya bahasha,
nikilipa na kunyamaza, nikilipa na kunyamaza,
nikidhani ndiyo adabu.

Nimebaki. Usiniulize kama ni busara.
Idarusi ameguna, akaenda kutazama mpira.
Usiku nimeshuka kuzima taa,
nikakaa ngazi ya nne, ile ambayo maji hayakuifikia,
nikapitisha kiganja ukutani chini yake.
Tulipaka rangi mara tatu. Mstari bado upo,
unausikia kwa ngozi, si kwa macho.

Kwenye kalenda ya mwakani, Novemba, tarehe mbili,
nimeandika kwa kalamu nyekundu:
PIGA SIMU MAPEMA. Chini yake, kwa herufi ndogo:
nunua magunia ya mchanga.