Linapodondokea

Alifika Trevelin jioni, upepo wa Patagonia
ukimsukuma mgongoni kama anayemdai,
Eluned Pugh, miaka sitini na mitatu,
buti la kulia limelowa oili hadi kwenye soksi.
"Inavuja," akasema.
Nikamwambia, naona.
"Mafundi watatu, na bado inavuja."

Wa kwanza, kule Río Mayo, aliona tone chini ya injini
akabadilisha washa ya shaba ya plagi.
Wa pili alikaza kila bolti aliyoifikia,
na moja akaikaza mpaka ikalia, ikakatika;
kisiki chake kimo humo hadi leo kama gego bovu.
Wa tatu alipaka gundi. Gundi nyekundu, nyingi,
kama uso wa mtoto aliyejilisha mwenyewe.

Sikuwasema. Hata mimi ujanani
nilikuwa natibu doa.

Lakini oili haikai ilikozaliwa.
Inashuka kwa uzito wake, kisha mwendo unaichukua,
inatambaa nyuma ya silinda, inafuata mkunjo wa chuma,
inazunguka nati, inapumzika kwenye mbavu za injini,
na inakuja kudondoka mahali pasipo na hatia.

Kwa hiyo, kwanza, osha.
Mafuta ya taa, na mswaki wa marehemu mama
(alibakiwa na meno manne, mswaki haukuwahi kuchakaa).
Nikasugua mpaka nikaona rangi ya chuma,
nikakausha, nikabisha kwa jirani, Yamila,
mwanawe ana wiki sita, nikaazima poda.
Injini ikawa nyeupe, ikanukia kama mtoto.
Eluned akacheka kwa mara ya kwanza.
"Sasa?"
"Sasa nenda hadi darajani, rudi, usizime."

Tukachuchumaa na tochi, yeye akishikilia nyonga.
Na hapo, kwenye poda, mstari mwembamba kama wanja
ukishuka kutoka kifuniko cha vali.
Wa pili, kwenye sili ya shafti ya gia.
Wa tatu, palepale penye gundi.
Nikazima injini. Nikakaa kwenye ndoo.
Gasketi mpya, sili mpya, mahali patatu kwa mpigo?
Gasketi hazina chama, hazigomi pamoja.
Kuna kitu ndani kilikuwa kinazisukuma.

Nikautafuta mpira wa kupumulia,
ule unaopanda nyuma hadi boksi la kichujio,
ambao hakuna anayeukumbuka kwa sababu hauvuji.
Nikauchomoa, nikaufuta, nikaupuliza.
Mashavu yakajaa. Upande wa pili, kimya.
Nikaingiza waya: udongo.
Chumba cha nyigu, kimesiribwa vizuri
kuliko kuta za karakana hii.

"Ililala wapi?" nikamuuliza.
"Gaiman, bandani. Majira mawili ya joto.
Nilivunjika nyonga."
Basi injini ilikuwa imezibwa pua
na kila alipoongeza mafuta
ilitafuta pa kupumulia, ikapumua kwa jasho.

Nikazibua. Kisiki cha bolti kilinikalia hadi saa sita usiku
na matusi niliyoyatumia hayaandikiki.
Gundi nikaikwangua kwa kipande cha mbao.
Gasketi moja tu nilibadilisha.
Yeye alilala kwenye kochi, nyigu wake
wamekaukia ndani ya kopo la tumbaku kifuani pake;
alikataa nisiwatupe.

Asubuhi tukavuta kadibodi niliyoitandika chini.
Kavu. Kavu, ila tone moja, pembeni, kubwa kama dengu.
Akaliangalia. Akaniangalia.
"Hilo ni la jana," nikasema, "lilikuwa bado njiani."
Hakuniamini sana, nami sikujiamini sana,
lakini alilipa, akavaa glavu,
akaelekea kusini, kwenye barabara ya Arobaini.

Kadibodi ile sijaitupa.
Siku mbili nzima nilikuwa natega sikio kwa simu.