Cherehani Yangu Imo

Sidii imefika, imevikwa karatasi ya mfuko wa unga,
jina limepigwa muhuri wa zambarau, limekwenda upande:
Pweza wa Saruji. Nyimbo tisa. Shilingi elfu kumi,
na mwaka mzima wa usingizi wangu hawakuuhesabu.

Nakaa Michenzani, ghorofa ya tatu. Juu yangu walikuwa wao:
Vuai na gitaa la nyuzi nne
(ya tano aliifungia chandarua, ya sita hataki kusema),
Silima aliyepiga tangi la maji kwa kandambili,
na Shemsa, anayeimba
kama mtu anayesoma bei za samaki kwa hasira.

Usiku mmoja nikapanda ngazi, kanga begani.
Nikasema yote, hata ya bibi zao:
kwamba muziki una mlango, nyie mmeingilia dirishani;
kwamba nina gauni la biharusi linangoja pindo
na mkono unanitetema kwa hilo tangi lenu.
Wakanisikiliza kwa adabu.
Adabu ile ndiyo ingenishtua.
Juu ya kabati kitaa chekundu kilikuwa kinawaka.

Basi wimbo wa saba ni mimi.
Nafoka dakika tatu, na chini ya kufoka kwangu
wametandika cherehani yangu, waliyoinasa kupitia sakafu
kwa kipaza sauti kilichovishwa soksi:
trrr, tua, trrr,
mvua isiyojua inyeshe au iache.
Mwishoni tukuza inakwisha, umeme unakatika, na wimbo nao.
Hawakurekebisha.

Zimeuzwa kumi na nne. Redio iliipiga mara moja, alfajiri;
fundi akazima, akihofia mitambo yake.
Bi Asya wa mkabala kaitundika yake dirishani
ifukuze kunguru.
Anasema inafaa sana.

Mimi sina hata cha kuichezea.
Nilikwenda dukani kwa mpwa wangu Machano, nikavaa vile vidude vya masikioni,
nikacheka peke yangu mbele ya wateja, kisha sikucheka.
Sikujua kwamba mguu wangu
hutua kidogo kabla ya kila kona ya nguo.
Miaka thelathini nashona, sikujua.

Juu sasa kimya. Wamehamishwa, kwa malalamiko.
Barua ilikuwa na sahihi tano, yangu ya kwanza.

Jana nilishika mpini wa ufagio, nikagonga dari
mara mbili, kwa mazoea.
Nikangoja.
Nikagonga tena, safari hii nikichelewesha la pili.