Hesabu za Mweka Hazina

Hazina yenyewe ni kopo la biskuti
na mimi ndiye mlinzi wake.
Petroli, dola arobaini na moja.
Mabango ya mbao, thelathini; upepo wa Dakota
umeshachukua tisa, bila risiti.

Mgombea wetu, Ragna Tollefsrud,
anataka kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo
kwa tiketi ya chama ambacho wanachama wake wote
wanaenea kwenye chumba cha chini cha kanisa la Walutheri,
na viti vinabaki.

Kwenye mdahalo hakupewa kipaza sauti.
Wakubwa wawili walitupiana maneno jukwaani
kama watoto wanaorushiana mpira
huku mwenye mpira amefungiwa nje.
Yeye alikaa safu ya kumi na nne, koti magotini,
akijibu kila swali kwa sauti ya chini.
Nilisikia mimi tu. Majibu yalikuwa mazuri.

Oktoba, mji wa Harlow Fork,
duka la misumari na mbegu.
Zilibaki dakika ishirini twende redioni,
redio pekee iliyotukubali.
Mzee Emmett Kjos akatoa barua
iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka imechoka:
kampuni ya bomba la mafuta inataka kupita shambani kwake,
imemwandikia kwa ile lugha ya kumtisha mtu kwa adabu.
Ragna akavaa miwani.
Nikamwonyesha saa. Nikamwonyesha tena.
Akapindua ndoo, akaikalia, akaandika jibu,
kurasa mbili, mgongoni mwa vipeperushi vyetu.
Redio ikapiga muziki nusu saa yetu nzima.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sawa.
Ila petroli ya kuifikisha hiyo haki
alipe nani?

Usiku wa matokeo, theluji ya kwanza.
Tulihitaji asilimia tano
ili jina la chama libaki kwenye karatasi ya kura.
Tukapata mbili na kitu.
Hicho kitu ndicho tulichokishangilia.
Harlow Fork: kura tatu.

Saa nne Kjos akapiga simu, anacheka peke yake:
kampuni imerudi nyuma, bomba litazunguka.
Kisha akasema, bila haya wala ubaya,
"Kura nilimpa yule mwingine, mama.
Wewe usingeshinda."
Nilingoja Ragna akate simu.
Akamuuliza kama ng'ombe wameshaingizwa ndani,
maana baridi ya wiki hii si ya mchezo.

Sasa nafunga vitabu.
Kuna stempu moja na bahasha moja,
za barua ya Kjos,
na sijui niziweke fungu gani.
Matangazo? Usafiri? Hasara?
Nikatoka nje kumuuliza.
Alikuwa anang'oa bango kwenye ardhi iliyoanza kuganda,
anavuta, halitoki.
"Acha wazi hapo," akasema,
"njoo ushike huku."