Sifuri

Mwalimu Kageha ana miaka ishirini na mitatu.
Ameandika ubaoni: hesabu inaanza na sifuri.
Wenzangu wakacheka. Wa kwanza akiwa sifuri,
wa pili ndiye moja? Mambo gani haya?
Mimi sikucheka.
Miaka kumi na mmoja niliketi kibandani Muhoroni
kwenye mizani ya miwa,
na kabla trela halijapanda kazi yangu ilikuwa hiyo tu,
kuangalia kama sindano imelala kwenye sifuri.

Haikulala kila siku.

Tuko ghorofa ya pili, Kibuye, juu ya duka la mabati.
Jumapili soko likifurika, muuza viatu vya mitumba
hupaza sauti mpaka ndani ya somo, mia, mia, mia,
na Ochola, mdogo wetu, huandika mia
palipotakiwa kumi.
Laptopu yangu ni ya mkono wa tatu.
Herufi H iling'oka; nabonyeza kidonda chake.
Karo nililipa kwa fahali mmoja na nusu:
mmoja nilimuuza, nusu nadaiwa na shemeji.

Apondi hanilaumu. Huuliza tu, akipepeta mchele,
"Hicho unachojenga, mtu anaingilia wapi?"
Namwonyesha skrini, panapoandikwa nywila. Hapa.
"Mlango nimeuona," anasema. "Jiko liko wapi?"

Vidole vyangu vilizoea kalamu na risiti za kaboni;
kwenye kibodi vinatembea kama kuku aliyefungwa mguu.
Vijana wamemaliza zoezi, wameteremkia mandazi,
mimi bado natafuta mabano niliyofungua asubuhi
nikasahau kuyafunga.
Umeme ukikatika wao huguna.
Mimi hushukuru. Gizani sote tuko sawa.

Wiki ya tano skrini ikaniandikia kwa wekundu:
kosa, mstari wa kumi na saba.
Nikakaa nikiitazama.
Haikuuliza mimi ni mtu wa nani.
Haikunong'ona, haikungoja meneja aondoke.
Ilisema kosa, ikasema na mahali lilipo.

Kwetu mizani ilikula kilo arobaini kila trela.
Nilijua. Fundi alijua.
Mkulima hakujua, au alijua akanyamaza,
maana muwa uliokatwa haungoji kesi.
Nilipiga muhuri. Wanangu walizila kilo zile.
Kiwanda kilipofunga lango
sikuwa na uso wa kulia.

Mradi wa mwisho kila mtu achague wake.
Ochola anatengeneza mchezo, bodaboda zinapaa angani.
Mimi natengeneza mizani.
Mkulima atapata ujumbe hata kwenye kabambe:
uzito wa trela, uzito wa trela tupu,
na sindano ilisoma nini kabla ya yote.

    kama sifuri si sifuri,
        simama;
        usipokee hata muwa mmoja.

Mistari mitatu. Siku tisa.
Kageha akaisoma, akakunja uso.
"Mbona umeanza na hili? Watu huanza na uzito."
Nikafungua mdomo. Kule chini, mia, mia, mia.
Nikasema, ni mazoea tu, mwalimu.

Barua za kazi nimetuma saba.
Kampuni moja ya Nakuru iliuliza umri wangu.
Niliwajibu. Ndiyo kimya hiki.

Usiku, Nyamasaria, Apondi kalala,
naijaribu programu tena. Inadai jina la mkulima.
Nilitaka kubuni.
Vidole vikaandika Perpetua Oyugi,
na tarehe, na kilo za trela lake, ninazozikumbuka
kuliko siku za kuzaliwa za watoto.
Kwenye nafasi ya sifuri nikaweka ilivyokuwa siku ile,
arobaini pungufu,
nikabonyeza.

Ikasimama.
Haikupokea hata muwa mmoja.