Arubuni ya Dola Kumi

Nyumba si yangu. Nianze hapo.
Nilicho nacho ni karatasi mbili zenye saini
kutoka meza ya jikoni, Mtaa wa Lathrop, Buffalo,
Januari, theluji imefika kwenye vioo,
na arubuni ya dola kumi
ambayo Bi Lorraine Pietrzak aliikunja mara nne
akaitia kwenye kopo la vifungo.
Elfu hamsini na nane, tukakubaliana.
Siku thelathini nimpate mnunuzi;
zikipita, karatasi zangu ni za kufungia maandazi.

"Ni nani huyo atakayenunua?"
Nikasema, "Yupo."
Dalali hasemi uongo. Husema kweli kabla haijafika.

Basi nikaanza kumtafuta huyo Yupo.
Daftari lina majina arobaini na moja,
wenye fedha taslimu, au wanaodai wanazo.
Wa kwanza aliuliza umri wa paa. Nikamwambia. Akakohoa, akakata simu.
Wa pili alikuja na tochi na shemeji yake,
wakagonga kuta kama wachagua tikiti maji,
wakasema thelathini na tano.
Wa tatu alitaka picha. Nikatuma. Akataka picha zaidi.
Kuna watu hununua picha tu.

Siku ya kumi na tisa ilinifunza
ambacho sikukisikia kwenye semina ya hotelini,
dola mia tatu, chakula juu yako:
bei ni mlango mmoja tu wa nyumba.
Muda ni mlango. Riba ni mlango.
Nani analipwa leo na nani anangoja, hilo ni dirisha,
na mtu mwembamba hupita dirishani.

Nsimire wa Bukavu nilimkuta penye mashine za kufulia,
saa tano usiku, anakunja sare za hospitali.
Ana elfu nane, na benki tatu zilizomkatalia
kwa kuwa miaka yake ya kazi Marekani haijatimu miwili,
kana kwamba ile kumi na moja ya kambini alikuwa amelala.

Nikarudi jikoni. "Bi Lorraine, fedha zote kwa mkupuo za nini?"
Akafikiri. Anahamia Erie kwa dada yake;
anataka kodi ya chumba, dawa, na nauli ya kwenda bingo.
Nikageuza bahasha ya bili ya umeme, nikapiga hesabu mgongoni mwake:
bei elfu sitini na mbili; nane mkononi,
nne kati ya hizo zangu;
zinazobaki, dola mia sita kila mwezi, miaka kumi,
riba sita kwa mia, nyumba yenyewe ndiyo rehani.
"Benki ni wewe," nikamwambia.
Akacheka hadi akashika meza.

Sijisifu. Siku ya ishirini na nane
mtu wa Toronto alitaja sabini, taslimu,
avunje kuta, apate vyumba sita vya wanafunzi.
Kumi na mbili zangu.
Nilimpigia. Simu ililia, ikalia, haikupokelewa.
Nikakaa garini, injini inaunguruma,
nikishukuru na kununa kwa pumzi moja.

Mali bila daftari huisha bila habari,
kwa hiyo kwa wakili tulisoma kila kifungu:
akichelewa siku kumi na tano, nini;
akimaliza mapema, nini; bima juu ya nani.
Nsimire alitia saini polepole, kama anayeshona jeraha.
Bi Lorraine akampa funguo, kisha neno lisilomo vifunguni:
"Tanuri la chini likigoma, lipige teke upande wa kushoto.
Si kulia. Kulia linakasirika."
Nikatafsiri. Nsimire akachukua kalamu
akaliandika pembezoni mwa mkataba.

Wakili akashusha miwani:
chochote kilichoongezwa kwa mkono
lazima wote watie herufi za majina yao.
Wakatia.
Na mimi pia, shahidi wa teke.